Kilomita 175 za Mwanza–Bukoba: upande ndege, meli au basi?

Ukiuliza simu yako umbali wa Mwanza na Bukoba kwa ndege, utaletewa namba mbili: kilomita kama 175, na muda wa kuruka nusu saa au pungufu. Mpwa wangu alinionyesha namba hizo mezani, amezikuza zikajaa kioo kizima, uso wake kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Mjomba, nusu saa! Sasa wewe unalala kwenye meli usiku kucha ukitafuta nini?"

Namba ya kwanza haina ubishi. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza, pale Ilemela, Bukoba iko nyuzi 1.1 upande wa kaskazini na nyuzi 1.1 upande wa magharibi, kwa hiyo mstari unakwenda kaskazini-magharibi barabara, karibu wote juu ya maji ya Ziwa Victoria. Namba ya pili ndiyo yenye walakini. Inapatikana kwa kuugawa mstari huo kwa mwendo wa jeti kubwa, na Bukoba jeti kubwa haitui. Isitoshe, imeanza kuhesabu magurudumu yakiacha lami. Wewe safari yako imeanza saa nyingi kabla, ulipofunga mlango wa nyumba.

Nimeshapita njia zote tatu kwa miaka mingi, kwa harusi, kwa misiba na kwa biashara ndogo ndogo, maana ukweni kwangu ni Kagera. Sitakwambia ipi ni bora kwa watu wote. Nitakwambia jinsi ya kuzipima.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni saa, lakini saa za kuwa macho, kuanzia mlango wa kwako hadi mlango wa mwenyeji wako. Saa uliyolala kitandani haina bei sawa na saa uliyokaa kwenye kiti ukitazama kisogo cha abiria wa mbele. Watu wengi wakilinganisha safari hii huzijumlisha zote pamoja, kisha wanashangaa kwa nini watu wazima bado wanapanda meli.

Cha pili ni unakoshukia hasa. "Naenda Bukoba" kwa Kiswahili cha Mwanza huweza kumaanisha Kashai, Muleba, Karagwe, Mutukula, hata Biharamulo.

Cha tatu ni mzigo na pesa, ambavyo nimeviweka pamoja kwa sababu kwenye safari hii haviachani. Cha nne ni hali ya hewa na hofu. Ziwa hili lina historia, na msafiri ana haki ya kuifikiria bila kuitwa mwoga.

Ndege

Saa. Ndege zinazotua Bukoba ni za pangaboi, kwa kuwa njia ya kurukia ni fupi na iko kando ya ziwa. Ndege ya aina hiyo ikiwa juu hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, hivyo kilomita 175 zingemalizwa kwa dakika 21. Lakini haiko kwenye mwendo huo muda wote. Inapanda, inajipanga na uelekeo, inapunguza mwendo, inazunguka kuutafuta uwanja. Weka dakika 35 hadi 45. Ndege ndogo ya injini moja huenda polepole zaidi, ila kwa umbali huu tofauti haifiki hata muda wa kumaliza soda.

Sasa hesabu ya kweli. Mimi nakaa Nyakato. Hadi uwanjani, na foleni, dakika 40. Kuripoti mapema, saa moja na nusu. Kuruka, dakika 40. Kungoja begi na kufika mjini, nusu saa. Jumla ni saa tatu na dakika 20, zote ukiwa macho. Katika muda huo, umekuwa hewani kwa sehemu moja tu kati ya tano.

Kuna mtego wa kuangalia kabla ya kulipa. Ndege ya moja kwa moja si ya kila siku wala ya kila saa, na ratiba hubadilika. Siku ambayo haipo, mitandao ya tiketi haikwambii "leo hakuna". Inakuuzia safari ya kupitia Dar es Salaam. Yaani unapelekwa kilomita 850 kusini-mashariki, unakaa uwanjani, kisha unarudishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bukoba. Karibu kilomita 1,900 ili kuvuka 175! Nimemwona mtu akiipanda safari hiyo bila kujua, na alipoona mlima wa tatu wa mawingu ndipo alipouliza.

Unakoshukia. Hapa ndege inang'ara, kwa anayeishia mjini tu. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa. Mwenye begi la mgongoni anaweza kutembea hadi sokoni, na bodaboda ya Kashai au Hamugembe ni ya dakika chache. Anayekwenda Muleba, faida inaanza kumponyoka: atachukua gari kurudi kusini zaidi ya saa moja, kwa barabara ile ile ambayo basi lingempitisha.

Mzigo na pesa. Ndiyo ghali kuliko zote, na bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Anayekata tiketi mwezi mmoja kabla na anayekata jana yake hawajalipia kiti kimoja. Uzito unapimwa, na ndege ndogo hazina mchezo hata na kilo mbili. Senene waliokaangwa na kufungwa vizuri wanasafiri bila taabu. Sato wabichi wanahitaji boksi lisilovuja. Mkungu wa ndizi, usijaribu.

Hewa na hofu. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lisiloandikwa kwenye tiketi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea majini, hewa yenye joto na unyevu inapanda, na radi huzaliwa katikati ya ziwa usiku wa manane. Pepo za juu, ambazo kwa kawaida zinatoka mashariki, zinalisukuma wingu hilo magharibi. Magharibi ndiko Bukoba iliko. Ndiyo maana mji ule hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na mvua yake hupenda asubuhi. Unaweza kuondoka kwako jua linawaka juu ya mawe ya Bwiru na rubani akakuta Bukoba imefungwa.

Mwaka mmoja nilikata ndege ya asubuhi kwenda kuzika. Tulikaa uwanjani tukiambiwa Bukoba hakuonekani hadi saa nane mchana. Binamu yangu, aliyepanda basi alfajiri, alinipigia akiwa Muleba anakula ndizi na maharage, na hakuwa na haya ya kunieleza zilivyopikwa. Tangu hapo, nikipata nafasi ya kuchagua, nachukua ndege ya mchana.

Na ipo Novemba 6, 2022. Ndege iliyokuwa inatua Bukoba asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, iliangukia ziwani karibu na uwanja. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kwa hiyo rubani akiamua kuzunguka au kurudi Mwanza, usimnung'unikie.

Meli

Saa. Meli inafuata karibu mstari ule ule wa ndege, ila inauzunguka kidogo kwa sababu ya visiwa na kwa sababu inapitia bandari ya Kemondo. MV Victoria iko ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Imezoeleka kung'oa nanga Mwanza usiku na kufika ng'ambo asubuhi. Kutoka mlango hadi mlango ni saa 12 na zaidi. Ukiishia kwenye namba hiyo, meli imeshindwa.

Lakini chukua karatasi upya. Unafika bandari ya Mwanza Kaskazini saa moja jioni, umeshamaliza kazi zako za siku. Meli inaondoka kama saa tatu usiku. Unatazama taa za mji zikipungua, unakula, unalala saa sita au saba, unaamka ukisikia wapagazi wa Kemondo. Saa ulizotumia ukiwa macho ni kama tano au sita, na hakuna hata moja uliyoiiba kazini. Ndege imekula nusu siku ya kazi, basi limekula siku nzima, na meli imekula muda ambao ungekuwa unakoroma nyumbani bure.

Hoja hiyo ina sharti, na nisipolitaja nitakuwa mwongo. Inasimama kwa mwenye kitanda. Daraja la tatu ni benchi, mwanga, watoto wanaolia na simu zinazopiga muziki. Mtu wa hapo hesabu yake ni saa 12 kamili za macho, na asubuhi atahitaji siku nyingine ya kulala. Vyumba vya juu ni vichache na huwahiwa na wazoefu. Ukikosa kitanda, pima upya.

Na ratiba ndiyo udhaifu wake mkubwa. Si kila siku. Ukiikosa ya leo, unaweza kungoja siku mbili, na hakuna mtu wa kumlilia. Ipo pia meli mpya, MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwaka 2023, ambayo imejengwa kwa abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari. Siku zake za Bukoba kaziulizie bandarini kwenyewe.

Unakoshukia. Kemondo iko kusini kidogo mwa Bukoba. Mtu wa Muhutwe, Kamachumu au Katerero anashuka huko na kumwacha wa mjini aendelee. Mpanda ndege hawezi kufanya hivyo.

Mzigo na pesa. Kwa mzigo hakuna wa kushindana nayo. MV Victoria hubeba tani 200 juu ya abiria wake. Kutoka Mwanza utaona magodoro, mabati, makreti, mashine za kusaga. Kurudi ni ndizi, milima ya ndizi, hadi sitaha inanukia shamba. Pesa inategemea daraja: benchi ni nafuu sana, na kitanda kinakaribiana na thamani ya usiku mmoja wa gesti ya kawaida, kitu ambacho nacho umekiokoa, kwa sababu huhitaji gesti. Wapagazi patana nao bei kabla hawajanyanyua kitu. Baada ya hapo ni bei yao.

Hewa na hofu. Radi zile za usiku zinaipata meli katikati ya ziwa. Meli kubwa huyumba, haipinduki kwa wimbi la kawaida, lakini tumbo lako halijui hilo. Mwenye kichefuchefu alale chini katikati ya meli, si mbele. Na kila mtu wa Mwanza wa umri wangu anakumbuka Mei 21, 1996. MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba, imejaa kupita kiasi, ikazama asubuhi ikikaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Makaburi ya pamoja yako Igoma, na kuna wazee ambao mpaka leo hawapandi meli. Siwabishii. Anayepanda, aangalie mahali yalipo majaketi ya kujiokolea kabla hajaangalia mahali pa chai. Na akiona watu wanapakiwa kuzidi, ashuke.

Basi

Saa. Barabara ndiyo peke yake inayolizunguka ziwa. Unatoka Mwanza kusini hadi Usagara, unakata kulia, unavuka mkono wa ziwa kutoka Kigongo kwenda Busisi, halafu Sengerema, Geita, Katoro, Chato, Muleba, Bukoba. Mabasi mengine hupita Biharamulo. Kwa vyovyote ni zaidi ya mara mbili ya mstari wa ndege.

Kilichobadilika ni daraja. Zamani pale Kigongo palikuwa mahali pa kukata tamaa: kivuko chenyewe kilichukua kama nusu saa, lakini foleni ya kukingoja ilifika saa mbili na kuendelea, na ukikuta kimoja kibovu ulinunua mahindi ya kuchoma mara tatu. Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli, la kilomita 3, limefunguliwa, na maji yale yanavukwa kwa dakika nne au tano. Ndiyo maana ushauri wowote wa safari hii ulioandikwa kabla ya hapo umechakaa. Leo weka saa saba za barabarani, pamoja na vituo vya kula na kuchimba dawa. Ongeza dakika 40 za kufika stendi ya Nyegezi na nusu saa ya kungoja, na jumla inakuwa saa nane na kidogo. Zote macho, labda wewe ni wa wale wanaolala kichwa kikigonga dirisha.

Unakoshukia. Hapa basi halina mpinzani. Linakushusha Geita, Chato, Muleba, njia panda yoyote unayoijua kwa jina, ilimradi konda akukumbuke. Kwa mtu wa Biharamulo au Ngara, ndege na meli zinampitisha mbali na kwao halafu zinamdai nauli ya kurudi nyuma.

Mzigo na pesa. Nauli yake haibadiliki kwa kuwa umechelewa kukata, na tiketi moja ya ndege huweza kulipia basi kwenda na kurudi na chenji ikabaki. Begi na ndoo havina neno. Kikubwa zaidi ya hapo ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yanafanyika buti likiwa wazi na dereva amewasha injini, kwa hiyo wewe ndiye mwenye haraka.

Hewa na hofu. Mvua haimzuii dereva, na hilo ni jema na baya. Hofu ya basi haina tarehe moja kubwa inayokumbukwa na kila mtu, imesambaa kidogo kidogo kwenye kona na kwenye kulipitana. Mimi naichukulia kwa uzito ule ule wa nyingine mbili. Panda la asubuhi, funga mkanda, na dereva akizidisha mwendo, abiria watatu wakisema kwa pamoja husikika.

Nani apande nini

Una kikao mjini Bukoba saa tisa alasiri na kesho uwe ofisini Mwanza: ndege, kama ofisi inalipa na kama ya siku hiyo ni ya moja kwa moja. Kikao kikiwa saa tatu asubuhi, usiitegemee ndege ya siku hiyo hiyo, hasa Novemba au Aprili. Nenda jana yake kwa ndege au kwa meli, rudi kwa ndege.

Una msiba na maziko ni leo jioni: basi la alfajiri. Nashangaa mwenyewe kuandika hivi, lakini kati ya zote tatu ndilo lenye uhakika mkubwa wa kufika siku hiyo hiyo.

Unahamisha vyombo, au unafuata ndizi za biashara: meli, na ratiba yako uifunge kwenye ratiba yake, si kinyume.

Una watoto wadogo wawili: meli yenye chumba, wakimbie hadi wachoke kisha walale. Ukikosa chumba, vumilia ndege hata kwa gharama. Saa nane za basi na mtoto wa miaka miwili nimezijaribu mara moja.

Mjamzito aliyekaribia siku zake aulize kwanza kliniki na kampuni yenyewe, maana ndege huwa na masharti ya wiki. Mzee mwenye magoti mabovu, ndege ina ngazi chache na meli ina ngazi nyingi za kusimama wima. Basi linamkunja.

Unakwenda Karagwe au Mutukula: chochote kitakachokufikisha Bukoba asubuhi, ili upate gari la kuunganisha. Mara nyingi hiyo ni meli. Ndege ya jioni itakulaza mjini, na gesti hiyo iingize kwenye bei ya tiketi.

Anayeogopa maji kweli kweli asidanganywe na mtu kwamba ndege ni dawa. Ataangalia ziwa kupitia dirishani karibu safari nzima. Kwake daraja la Kigongo ni dakika nne tu za kufumba macho.

Mpwa wangu nilimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: unakwenda wapi hasa, lini, na nini? Akasema Kamachumu, Jumamosi, na cherehani mbili za shangazi yake. Cherehani za chuma, zile za kukanyaga. Ndege ikafa hapo hapo. Jumamosi ile meli haikuwepo. Alipanda basi la saa 12 asubuhi pale Nyegezi, akapatana na konda kuhusu buti, akashuka Muhutwe, na kabla ya saa tisa alinitumia picha ya cherehani zimefungwa juu ya pikipiki mbili, zinapandisha mlima.